Siku Baraka Ilipoulizwa Maoni

Serikali ilikwisha kumpa jina jingine la kizalendo badala ya lile la Kizungu, lakini mji mzima wa Baraka ulimwita Pulchérie: mjane, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kiongozi wa kikundi cha bamama waliocheza kwenye mikutano ya chama. Akipuliza filimbi, watu hupiga makofi. Asipopuliza, hakuna mwenye ubavu wa kutangulia.

Kwenye ukuta wa ofisi ilibandikwa karatasi ya takwimu: wajane mia tatu wa Baraka wamepewa sabuni, chumvi na blanketi. Mia tatu! Labda walihesabu na wale ambao waume zao walikuwa nyumbani wakikoroma. Waliopewa kweli walikuwa wachache, Pulchérie akiwemo, na hata hao walipewa kwa sababu yeye aliwakokota makarani mpaka ukutani na kuwauliza, "Muliandika benyewe. Sasa blanketi iko wapi?" Bila uongo ule wa ukutani asingekuwa na cha kudai.

Uongo ukaanza kuwachoma wenyewe walioubandika. Basi akaja afisa mmoja kutoka Fizi, tumbo mbele, abacost, ile suti ya wakubwa wa chama, imembana shingo, eti kutafuta maoni ya wananchi. Maoni! Watu ambao hawajawahi kuulizwa hata kama wamekula, leo wanaulizwa habari za takwimu.

"Citoyens na citoyennes, bananchi bote," alisema, "hizi hesabu ziko zinaleta wivu. Tuendelee kuzibandika, ao tuache? Benye kutaka tuache, bapige makofi!"

Uwanja mzima ukamgeukia Pulchérie. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini filimbi aliiacha ining'inie shingoni.

Afisa akarudia swali kwa ukali. Kimya. Mtu mmoja akakohoa, akajuta.

Ndipo yule bwana akatabasamu, akamwambia karani wake, "Andika: bananchi bote bamekubali, kwa utulivu mukubwa."

Hebu ona akili hiyo! Makofi ni ndiyo, kimya ni ndiyo. Wangemzomea, angeandika wameshangilia. Karatasi ikabanduliwa palepale, na bila haya yoyote akawashukuru watu kwa kusema ukweli wao.

Msaada ulipokaribia kugawanywa tena, Pulchérie alikwenda ofisini kama kawaida. Karani, yuleyule aliyemjua miaka yote, alimtazama kama mgeni aliyeshuka kutoka Mboko asubuhi ile.

"Musaada gani, mama?" akamuuliza. "Iko imeandikwa wapi?"