Kaombeni London

Juzi, kwenye foleni ya ofisi ya serikali ya Wafaransa hapa Mahajanga, mbele yangu mama mmoja Mmalagasi aliomba ruhusa ya kuezeka upya kanisa lao la Kianglikana, linalovuja. Karani, Mmalagasi mwenzake, hakuinua hata macho.

“Hilo ni la Waingereza. Kaombeni London.”

“Mawe yake tuliyabeba sisi vichwani!” Mama akakaza lamba, shuka lake la Kimalagasi, begani, akainama dirishani. “Na wewe, mwanangu, ulibatizwa humo. Mimi ndiye niliyekushika.”

Karani akautupia jicho mlango wa bosi wake Mfaransa.

“Anayefuata!”

Anayefuata nilikuwa mimi, nimekuja kuomba ruhusa ya kukarabati msikiti wetu. Kama karani anamtuma London mama yake wa ubatizo, mimi si atanituma Makka?