Yungiyungi la Nadhiri

Mwaka ule Pasaka iliwahi mno, ikaangukia Machi, na mayungiyungi yaliyo nyuma ya nyumba ya Ianthia Furbert hayakuwa na habari. Jumatano asubuhi alitoka na gauni la kulalia, akainama, akahesabu tena. Mashina saba. Matumba kumi na tisa, yote yamefumba, ya kijani kama maharage machanga.

"Mungu wangu," alisema, "zimebaki siku nne."

Ianthia alikuwa na nadhiri. Mwezi wa kumi, binti yake Tavia, mwenye miaka ishirini na miwili, alipitiliza kona na pikipiki yake akaangukia ng'ambo ya ukuta wa mawe. Alipasuliwa paja mara mbili. Ianthia alipiga magoti kwenye korido ya hospitali akaomba mwanawe aishi, na akaahidi kwamba ua la kwanza la Pasaka la bustani yake, Tavia atalipeleka madhabahuni kwa miguu yake mwenyewe. Hakusema ua lolote. Alisema la bustani yake. Ndivyo mtu anavyoomba akiwa na hofu: anataja mpaka vitu ambavyo hakuulizwa.

"Si ungemwahidi keki tu, Mama," Tavia alisema, akiwa ameegemea gongo lake mlangoni. "Keki unaijua kupika."

"Nyamaza wewe. Fanya mazoezi yako."

Bi Ernestine Trott, mwenye dhamana ya maua ya kanisa kwa miaka thelathini, alipiga simu saa tatu. Vyungu sitini vya mayungiyungi ya kanisa vilikuwa vimeshushwa melini, na yeye alikuwa anavivua yale makaratasi ya kumetameta, kwa sababu maji yakituama humo mizizi inaoza.

"Nina chungu kimoja cha ziada, Ianthia. Kimefunguka vizuri kabisa. Nani atajua?"

"Atajua niliyemwahidi."

"Basi yapashe joto hayo yako. Yanyunyizie maji ya uvuguvugu. Usiyaloweshe."

Ianthia alichimbua mashina matatu pamoja na udongo wake, akayapanda kwenye vyungu, akayaweka jikoni karibu na jiko, mahali penye joto kuliko pote nyumbani. Alhamisi jioni matumba yalikuwa yamenenepa, ukijani umepauka, weupe unaanza kuonekana. Alimwita Tavia mara tano aje aone.

"Ni yale yale ya mara ya nne, Mama."

"Huoni vizuri. Washa taa."

Ijumaa Kuu alipoingia jikoni alikuta matumba matatu sakafuni. La nne aliligusa tu likamwangukia kiganjani. Majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano. Nje vishada vya karatasi, vinavyorushwa kila Ijumaa Kuu, vilikuwa vinavuma angani, watoto wanapiga kelele, na yeye amesimama na tumba mkononi kama mtu aliyevunja kikombe cha watu.

Bi Ernestine alifika adhuhuri na mikate midogo ya Ijumaa Kuu, yenye alama ya msalaba. Hakuketi. Alinusa hewa ya jikoni, akatazama juu ya vyungu, akaweka sahani chini kwa kishindo.

"Ianthia! Nani alikutuma uning'inize ndizi juu ya maua?"

"Si za Jumapili hizo? Za kula asubuhi na samaki wa chumvi. Kila mwaka zinaivia hapo hapo."

"Kila mwaka huna maua jikoni! Ndizi ikiiva inatoa pumzi. Pumzi hiyo ndiyo inaivisha na wenzake. Ua likiivuta linazeeka kabla halijafunguka."

"Yaani nimeyaua kwa kifungua kinywa?"

"Nusura uyaue. Toa mkungu huo nje, haraka!"

Walihesabu pamoja. Yaliyobaki jikoni yalikuwa manne, matatu yamelegea. Moja tu lilikuwa gumu. Ya bustanini bado yalikuwa ya kijani kabisa. Ianthia alikibeba chungu chenye lile moja mpaka chumbani kwa Tavia, kwenye dirisha la magharibi.

Jumamosi hakufanya kazi nyingine. Alikuwa akiingia kila nusu saa. Tavia alikuwa anatembea bila gongo kutoka kitandani mpaka mlangoni, jasho linamtoka, na kila akigeuka anakuta mama yake kaganda pale pale.

"Unaliangalia ua au unaniangalia mimi?"

"Nina macho mawili."

Saa kumi alasiri ncha ya tumba ilipasuka. Ianthia alipiga yowe. Jirani, Bwana Simmons, alichungulia juu ya ukuta na kishada mkononi.

"Kuna moto huko?"

"Kuna ua!"

"Ua ndilo linakuliza hivyo?"

"Njoo uone mwenyewe!"

Jua lilipozama ua lilikuwa limefunguka kama tarumbeta, jeupe mpaka ndani, na harufu yake imejaa chumbani. Tavia alichukua mkasi wa kucha, akakata taratibu vile vijiti vyenye unga wa njano, usije ukachafua kitambaa cha madhabahu. Kisha alichukua kadi ya kanisa, ile anayosomewa kila abebaye ua. Ilikuwa imeandikwa tayari: *Kwa kumbukumbu ya marehemu*, na mstari mtupu.

"Niandike nani?"

Kila mwaka Ianthia alimwandika mama yake, aliyemfundisha kwamba tunguu la yungiyungi huzikwa likiwa kavu kama kitu kilichokufa, na bado huamka. Lakini nadhiri hii haikuwa ya mama yake.

"Niachie mimi," Tavia alisema.

Jumapili jua lilipochomoza kanisa lilikuwa limejaa, na vyungu sitini vimepangwa ngazi kwa ngazi. Majina yalisomwa. Zamu yao ilipofika, Tavia alisimama, akaliacha gongo kwenye benchi, akaanza kutembea na chungu kifuani. Mchungaji aliinua kadi.

"Kwa kumbukumbu ya marehemu..." Akaisogeza karibu na miwani. "'Hakuna. Mwenyewe ndiye huyu anakuja.'"

Mtu mmoja alicheka, mwingine akasema amina, kisha kanisa zima likawa linapiga makofi. Tavia aliinama polepole, akaliweka ua, akanyooka. Akageuka. Hapo ndipo Ianthia alipokumbuka kwamba aliahidi kwenda tu. Safari ya kurudi hakuisemea neno. Goti la Tavia liliyumba. Ianthia aliruka, na Bi Ernestine akamshika sketi kwa nyuma.

"Kaa! Mwache atembee!"

"Ataanguka!"

"Kaa, nimesema!"

Alikaa, vidole vimekamata benchi, midomo inahesabu hatua. Ya kumi na saba. Ya kumi na nane. Ya kumi na tisa ilisimama mbele yake.

"Sogea, Mama," Tavia alisema, akihema na kucheka. "Umekalia nafasi yangu."