Fundi Kiganja na Singa za Mkonge

Madereva wa Korogwe walimwita mjomba wangu Yordani "Fundi Kiganja", na hawakumwita hivyo kwa heshima. Gari likitoka mikononi mwake, hata kama amebadilisha mkanda wa feni tu, hakuliachia mpaka dereva ashuke, afungue boneti, aweke kiganja pale atakapoonyeshwa. "Inavuta au inasukuma?" Dereva ajibu. "Nimeweka nini hapa, na kwa nini?" Ajibu tena. Mwenye haraka alitukana, mwenye adabu alicheka. Mimi mwenyewe nilimwonea haya mjomba mpaka nikawa mtu mzima, ndipo mama akanieleza habari yote. Baadaye baba alinieleza ya kwake, na mjomba, siku moja nilipombana, akanieleza ya kwake. Hazikulingana sana. Nitasimulia kama ninavyoona mimi, na atakayeudhika aniwie radhi.

Wakati huo nilikuwa mgongoni mwa mama. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Baba yangu, Ponsiano, alikuwa dereva wa lori katika shamba moja la mkonge nje ya Korogwe. Mjomba Yordani, kaka yake mama, alikuwa fundi wa karakana ya shamba hilohilo. Babu zetu waliletwa pale kama manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali, na wazazi wetu wakazaliwa kambini. Nyumba ilikuwa ya shamba, kisima cha shamba, hata njia ya kwendea makaburini ilikuwa ya shamba. Ukifukuzwa kazi, ulifukuzwa pamoja na kuku wako.

Mwaka ule mvua ziligoma Handeni, na lori la baba likakodiwa kupeleka mahindi ya njaa. Lilikuwa lori kuukuu, ringi za pistoni zimechoka, na moshi wa moto wa juu ulikuwa ukipenya na kushuka tumboni mwa injini. Moshi huo lazima utoke. Katika injini zile za zamani ulitokea kwenye bomba lililoning'inia chini, na lori likipanda mlima polepole, moshi haukubaki chini. Ulipanda kwenye nyufa za sakafu ukamkuta dereva kwenye kiti. Baba alirudi safari macho mekundu, kichwa kinamgonga, anakohoa kitu cheusi. Mama alikuwa akifua leso zake na kunyamaza. Siku moja hakunyamaza. Alikwenda karakana akasimama mlangoni.

"Kaka Yordani," akasema, "mwanamume huyu ulimleta wewe nyumbani kwetu. Sasa lori linamla. Wewe ni fundi au ni mpanga spana?"

Mama yangu Bernadina alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu.

Mjomba alikuwa ametengeneza magari ya jeshi huko Bama, yaani Burma, wakati wa vita, na kule alikutana na kitu ambacho karakana ya shamba haikuwahi kukiona: valvu ndogo, haizidi kidole gumba, yenye kidude na springi ndani. Unaziba lile bomba la chini. Unatoboa mfuniko wa ubavuni mwa injini, unaunga mpira, unapitisha kwenye valvu, unaupeleka kwenye bomba ambalo injini huvutia hewa yake. Basi injini inajivutia moshi wake yenyewe na kuuchoma, na hewa safi inaingia badala yake kupitia kifuniko cha tundu la oili. Nyuma ya korona, pale mashine zinapokwangua majani ya mkonge, palikuwa na gari bovu la jeshi ambalo shamba lililinunua kwa ajili ya magurudumu. Valvu ilikuwamo bado. Mjomba aliifungua, akaichemsha kwenye mafuta ya taa, akaitikisa sikioni mpaka akasikia kidude kinacheza.

Meneja, Mzungu asiyependa mambo mapya yasiyotoka kwake, alimkubalia kwa shingo upande. "Ikifa injini," alimwambia, "nitajua wa kumuuliza."

Kazi ilichukua Jumapili nzima. Ilipokwisha, mjomba aliwasha injini, akafungua kifuniko cha tundu la oili, akaweka juu yake jani la mpapai. Zamani jani lingepeperushwa. Safari hii lilinasa, likabonyea katikati, injini ikilivuta. Baba akalibandua, akaliweka tena, likanasa tena. Watu wazima wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wiki iliyofuata baba alirudi kutoka Handeni na macho meupe, akala ugali wote, akaomba mwingine. Mama alimpelekea kaka yake jogoo.

Sasa sikilizeni ujinga wetu, maana huu ni wetu, hatukuazima kwa mtu. Sisi watu wa mkonge kila kitu tunakiziba kwa singa, zile nyuzi za mkonge wenyewe. Bati likivuja, singa. Mtungi ukipata ufa, singa na lami. Mlango ukipitisha baridi, singa. Na injini ilikuwa hivyohivyo: kila kiangazi madereva wa njia ya Handeni walichukua fundo la singa, wakalilowesha oili, wakalishindilia ndani ya kile kifuniko chenye vitobo ili vumbi lisiingie. Miaka yote hiyo singa hazikumdhuru mtu, kwa sababu injini ilikuwa ikisukuma pumzi nje.

Wiki mbili baada ya jani la mpapai, kiangazi kilikuwa kimekaza na vumbi limekuwa unga. Asubuhi, baba akiwa amesimama kando anasubiri, mjomba alichukua fundo la singa, akalilowesha, akalishindilia kwenye kifuniko. Hakufikiri. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo kabla yeye hajaota ndevu. Mazoea yana taabu. Baba akapanda, akaondoka na magunia.

Injini ilisaga kabla ya kufika Sindeni. Ilipiga kelele kama mtu anayeponda kokoto, kisha ikakwama. Baba alichomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa imejaa. Mshale wa kupimia nguvu ya oili ulikuwa umekufa tangu lori lilipokuwa la mwenye shamba wa kwanza, kwa hiyo hakuna kilichomwonya. Alikaa pale siku mbili akilinda mahindi. Mfugaji mmoja, Koikai, aliyekuwa akipeleka ng'ombe kutafuta maji, alimwachia kibuyu cha maziwa na hakumuuliza neno. Baba alimkumbuka mtu huyo maisha yake yote.

Lori lilivutwa mpaka karakana. Jumatano mjomba akalala chini yake, peke yake, akafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Pampu ya oili ina chujio la waya. Chujio lilikuwa limefungwa kabisa na singa nyeusi, zimesokotana kama nywele kwenye kitana. Injini ilikuwa imezivuta moja moja kutoka kwenye kifuniko, maili baada ya maili, mpaka oili ikakosa njia na beringi zikakauka. Mjomba aliniambia kwamba aliona lile jani la mpapai mbele ya macho yake.

Alizibandua zile singa. Akazitia mfukoni mwa koti.

Meneja akaja. "Ni nini?"

"Beringi zimekufa, bwana."

"Kwa kukosa oili?"

Mjomba alijibu, "Oili haikufika, bwana." Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mbaya kuliko uongo. Meneja akaandika kwamba dereva hakutazama oili. Baba akaachishwa kazi, nyumba aiachie ifikapo Jumamosi.

Nikifika hapa huwa nakasirika, ingawa mjomba ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli na ndiye aliyenisindikiza kanisani siku ya harusi yangu. Alikuwa na mke na watoto wanne katika nyumba ya shamba, hilo najua. Alijiambia kwamba atasema injini ikishafufuka, meneja akiwa na moyo mweupe. Alijiambia Alhamisi, akajiambia Ijumaa. Na Ijumaa hiyo aliona dereva mgeni akishuka kwenye treni ya Tanga na sanduku lake, akapelekwa moja kwa moja ofisini.

Jumamosi mjomba alibeba kitanda chetu kichwani kutoka kambini mpaka Kwamndolwa, ambako mtu wa kanisani alitugawia kipande cha ardhi. Alibeba mara tano, hakutaka kusaidiwa. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye mti, akaanza kuchimbia nguzo za kibanda. Baba alikuwa amekwenda kuchota maji. Mama alitaka kuwasha moto, akatia mkono kwenye koti la kaka yake kutafuta kibiriti.

Mama alifanya kazi chumba cha brashi pale shambani miaka sita, akisugua singa mpaka zing'ae. Angezitambua gizani. Alizinusa.

"Kaka, hizi zimetoka wapi?"

Mjomba aliacha jembe. Alimweleza yote, tangu jani mpaka chujio. Mama alisema kwamba kaka yake alipokuwa akieleza alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Mama alizirudisha singa mfukoni mwa koti, akazipigapiga kwa nje zikae vizuri.

"Jumatatu utakwenda kwa meneja," akasema. "Ukitoka huko utakuja kumwambia mwenye nyumba hii wewe mwenyewe. Mimi simwambii."

Mjomba alikwenda. Aliweka singa juu ya meza ya meneja, akasema kosa ni lake, dereva hana hatia. Meneja alizisogeza kwa ncha ya kalamu. Akasema dereva mgeni amekwisha kutia sahihi, na yeye hawezi kumrudisha mtu Tanga kwa sababu fundi amechelewa kukumbuka. Fundi mwingine hakuwapo, kwa hiyo mjomba abaki. Ila lile dude la valvu alitoe, na bomba la zamani lirudi pale lilipokuwa. Ndivyo ilivyokwisha: mwenye kosa akabaki na kazi, asiye na kosa akabaki na jembe, na moshi ukarudi kwenye kiti cha dereva.

Jioni jua likiwa bado juu ya milima ya Vugiri, mjomba alifika Kwamndolwa kwa miguu. Baba alikuwa akilima. Hakuwa anakohoa tena. Hewa ya Kwamndolwa ilikwisha kuanza kumfaa, nalo hilo lilimuumiza mjomba kwa namna yake. Alimweleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Singa, valvu, koti, meneja, dereva wa Tanga. Alitaka apigwe. Aliniambia hivyo waziwazi: "Nilimwomba Mungu shemeji anipige."

Baba aliegemea jembe. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotuchosha sote.

"Asubuhi ile nilikuona ukizishindilia," akasema. "Nikakumbuka lile jani, jinsi lilivyonasa. Nilitaka kukuuliza, shemeji."

Baba akapiga jembe mara moja, akaliegemea tena.

"Nikasema moyoni, fundi ni yeye. Anajua."

Akarudi kulima. Mjomba alichukua jembe la mama pale ukutani, akaingia mstari wa pili, wakalima pamoja mpaka kiza kikaanza kuingia. Baba hakuendesha gari tena maisha yake.

Kesho yake asubuhi dereva wa Tanga alikuja karakana kuchukua lori jingine, anapiga mluzi, hana habari ya mtu. Mjomba alizima injini ambayo dereva huyo alikwisha kuiwasha. Akafungua boneti, akamshika mkono yule kijana, akauweka juu ya kifuniko cha oili.

"Huondoki," akamwambia, "mpaka uniulize nimefanya nini humu."