Risasi Tatu Kwenye Pua ya Roketi

Nimekosa, jamani! Sitaki kuzunguka. Mwezi ujao naoa hapa Kirumba, kando ya ziwa, na mchumba wangu ananipenda kwa sifa nisiyokuwa nayo.

Sote wawili ni walimu wa sayansi. Kwa ajili ya siku ya wazazi tulitengeneza roketi mbili ili kulinganisha fueli. Yangu ilikuwa ya fueli ngumu: ina nguvu, haina mambo mengi, ila ukishaiwasha huizimi. Yake ilikuwa mseto: nta imejazwa ndani, oksijeni inapitia kwenye valvu, ukiifunga moto unakufa. Mkuu wa shule alisema itakayoshinda ndiyo tutakayoendelea kuifundishia.

"Yako ina papara kama wewe," mwenzangu alinitania. "Yangu ikiambiwa inasikia."

Yaliniuma! Asubuhi ya siku yenyewe nikachomoa risasi tatu kwenye nyavu za baba yake mvuvi, vile vipande vizito vya kuzamishia nyavu, nikazisokomeza kwenye pua ya roketi yake. Nikajua hiyo hairuki!

Lo! Kumbe uzito wa puani ndio unaoinyoosha roketi. Mwalimu wa fizikia mzima nilisahau! Yake ikapanda wima, ikatua ziwani na kuzama na ushahidi wangu. Yangu ikaenda kombo hadi kwenye dagaa walioanikwa ufukweni.

"Mwalimu wee!" mama mwenye dagaa alinijia juu. "Nimeanika juani, nani kakuomba moto?"

Kwa aibu nikawa wa kwanza kumpigia mwenzangu makofi. Basi! Akasema hajawahi kuona mwanaume anayekubali kushindwa kiungwana hivi. Uchumba ukaanzia hapo.

Tangu siku hiyo sina raha. Wanafunzi wanakariri kwamba mseto huenda wima kuliko ngumu, na hakuna ajuaye kama ilishinda fueli au risasi. Nikimwambia mzee wake "Shikamoo baba," anaitikia "Marahaba mwanangu," kisha anamlaani mwizi wa risasi zake. Nami namuunga mkono, "Watu wabaya, baba!"

Wenzangu, ukishindanisha vitu viwili, usiguse cha mwenzako. Mimi nilishindwa, na wizi juu!

Gazeti hili mchumba wangu hulinunua kila wiki, na ukurasa huu humsomea baba yake kwa sauti. Mpenzi, ukifika hapa, fungua mlango. Nipo nje, nimeleta risasi tatu mpya.