Pete ya Wifi Kwenye Msumari

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi wa mtungi wa baridi kali katika maabara ninayofagia. Kabla ya kushika mabomba huvua pete ya ndoa na kuitundika msumarini, karibu na mlango. "Pete ikishika baridi hii," huniambia, "inaondoka na ngozi."

Nilimuuliza humo ndani kuna nini.

"Kisaketi kidogo kuliko ukucha wa mwanao, pamoja na mwanga usioonekana kwa macho. Vinarushiana nguvu haraka mno, huyu ampe yule, yule amrudishie, kabla haijapotea. Vikishikana kwelikweli, kilima kimoja kwenye skrini kinagawanyika viwili."

Siku ile alikuwa hajaviona bado vilima hivyo viwili, na kesho yake mtungi ungekabidhiwa watu wengine.

Juzi yake alikuwa ameisahau pete pale, akarudi nyumbani kidole kitupu. Ndiyo maana mchana ule kaka alikuja. Akaikuta msumarini.

"Kumbe ukifika huku unakuwa mwali!"

"Baba watoto, ni kazi tu..."

Kofi likamkata maneno. Kisha ngumi, jino likaanguka kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Akamshika nywele, akambamiza kabatini mara mbili, akaokota spana kubwa na kuugeukia mtungi.

"Mumeo ndiye huyu? Leo namuua!"

Wifi akaukumbatia mtungi. Spana ikamshukia begani. Nikausikia mfupa.

Mimi si mtu wa maneno mengi, na kaka ndiye aliyenichotea maji nilipojifungua. Lakini mkono haukuniuliza. Nilimpiga kisogoni kwa mti wa fagio. Akapiga magoti. Nikaongeza, mti ukavunjika.

"Mdogo wangu, unanipiga mimi?"

"Nakupiga wewe, kaka."

Walinzi wakamburuta nje akitutukania ukoo, ambao ni wake pia.

"Twende hospitali, wifi."

"Bado. Nishike kiuno nisianguke."

Akazungusha kitufe kwa ule mkono mzima, polepole, kama anayemlaza mtoto. Kilima kikatetemeka, kikapungua katikati, kikapasuka. Vikasimama viwili, na kila akizungusha, havikubali kugusana.

"Umeviona?" Damu ikaruka kwenye skrini.

Nikaifuta kwa kanga yangu. "Nimeviona. Sasa twende."

Mlangoni nikamwonyesha pete kwa kidevu. Akaitazama, akapita.