Nilivyoacha Kumtania Maganga

Jamani, nimekosa, na wote waliostahili kunilaumu wameshakufa. Sikumpiga mtu, sikumwibia mtu. Nilimhurumia rafiki yangu, na huruma ile ikammaliza kabla ya ugonjwa. Mpaka leo msibani hunioni nimetulia. Naketi, nainuka, natoka nje, narudi, natoka tena.

Wakati wa Mwingereza tulikuwa vijana wa Ng'ambo, Tabora. Mimi Mzaramo, babu yangu alikuja huku na misafara akalowea. Maganga alikuwa Mnyamwezi, fundi baiskeli. Kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani mnamjua, hana adabu. Nikimwambia babu yake alibeba pembe za ndovu mpaka Pwani akalipwa kipande cha kaniki, ananijibu kwamba babu yangu alimfuata nyuma njia nzima akiokota makombo ya ugali. Asubuhi hatuamkiani mpaka tutukanane kwanza.

Alipoanza kuvimba miguu na kuhema kama mtu aliyepanda mlima, ndipo nilipozidisha. Nikamwambia afe upesi nirithi baiskeli yake. Alicheka mpaka pumzi ikamkatika.

Siku moja mama yake akaniita uani. Daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wa mwanawe umeharibika, hauna dawa, na mavuno hatayaona. Akaniomba nisimwambie mwenyewe. Nikaapa, na wallahi sikumwambia! Nilirudi chumbani nikaendelea kudai baiskeli yangu.

Halafu likaja gari la sinema la serikali. Maganga akataka kwenda, nikampakia kwenye kerieri ya baiskeli yake mwenyewe.

Ilikuwa katuni, picha za kuchora zinazotembea, kitu ambacho wengi wetu hatukuwahi kukiona. Swala wawili vijana, marafiki. Mmoja anaugua, mwenzake anamletea maji mdomoni, yanamwagika njiani, anarudi mtoni kuchota mengine. Watu walivunjika mbavu! Mwishoni yule mgonjwa akalala asiamke, na mwenzake akabaki amesimama na maji yake mdomoni.

Maganga peke yake ndiye aliyecheka. Akasema yule swala wa maji ni Mzaramo dhahiri, kazi ndogo tu imemshinda. Hapo ilikuwa zamu yangu. Lakini nilikuwa nalia gizani, nikamwambia, "Pumzika, kaka, usijichoshe."

Kaka! Tangu utotoni sikuwahi kumwita hivyo.

Kuanzia siku ile nikawa mtu mwingine. Naingia kwake nanyata, nampa pole, napooza uji wake, namfunika shuka. Yeye ananichokoza, mara babu yangu, mara makombo, mara kichwa changu kikubwa. Mimi namwitikia tu, ndiyo, ndiyo. Nilidhani ndiyo mapenzi hayo. Mjinga mimi!

Jioni moja akasema, "Siku hizi huidai baiskeli."

Nikaendelea kupooza uji.

"Mtani wangu ananionea huruma," akasema taratibu. "Basi nakufa?"

Nikamvutia shuka mabegani. Akageukia ukutani.

Akamwambia mama yake nisiingie tena. Mama wa watu akadhani nimevunja kiapo, na nilipoapa mara ya pili hakunisadiki. Uji akaukataa. Spana zake, ambazo hata kitandani alikuwa akizipangusa, akazigawa. Mimi napita mbele ya nyumba ile, naenda, narudi, nasikia anavyohema dirishani, nashindwa kupiga hodi. Mvua hazijaanza tukamzika.

Kwetu mtani ndiye anayewachekesha wafiwa. Anashuka kaburini, analala, anagoma kutoka mpaka apewe kitu. Baba yake Maganga akanigeukia, akasema, "Mtani, kazi yako hiyo."

Nikashuka. Nikalala kwenye udongo ule wa baridi, nikapaza sauti kwamba babu yake Maganga alilipwa kaniki. Watu wakacheka kidogo. Mimi nikangoja nijibiwe. Nililala pale nangoja mpaka wakanishika mikono kunitoa.

Tuliporudi nyumbani, mzee akaitoa baiskeli ndani, akanikabidhi.

"Alisema tukupe wewe," akaniambia. "Alisema tumpe yule Mzaramo mwokota makombo, kabla hajafa kwa njaa."

Alinijibu, jamani! Alikuwa ameniwekea jibu langu siku zote zile, na mimi nilikuwa nje napitapita barabarani.

Baiskeli ile sikuipanda hata siku moja. Niliikokota kwa mkono mpaka matairi yakaoza.

Wewe mwenye mgonjwa ndani, nakuomba. Kama jana ulimtania, ingia na leo umtanie. Ukitaka kulia, kalie uani. Ila mlangoni kwake uingie na matusi yako yale yale aliyoyazoea, maana anayasubiri.