Mwiko na Fimbo ya Ndege

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuendesha ndege za kivita, jambo la kwanza kuniuliza ni kasi. Nawaambia kasi haina ugumu wowote. Ugumu ni kurudi chini, hasa injini inapokuwa imezima, na mimi kilichonirudisha chini salama ni ugali wa dada yangu pale Kawangware. Wengi hucheka wakidhani natania. Sitanii hata kidogo.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mwanafunzi wa urubani, mrefu, mwembamba, na mwenye maringo kuliko umri wangu. Baba yetu alikuwa seremala Gatwekera, kule Kibera. Alikuja kutoka magharibi kutafuta kazi, akapanga chumba cha udongo, akaweka meza yake ya kazi mlangoni. Tangu nichukuliwe jeshini, ndege yoyote ikipita juu ya Kibera aliweka randa chini na kuwaonyesha wateja. "Huyo ni kijana yangu," alisema. Hata ndege kubwa za abiria zilikuwa zangu, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Ndege niliyojifunzia ilikuwa na injini moja, na katikati ya magoti ya rubani palikuwa na fimbo. Ukiisukuma mbele, pua inashuka. Ukiivuta kwako, pua inainuka. Ukiilaza upande, ndege nayo inalalia upande huo. Injini ikiwa hai, kuna mafuta maalumu, si yale ya kuchoma, yanayosukumwa kwenye mabomba kwa nguvu kubwa, na hayo ndiyo yanayofanya kazi nzito. Wewe unagusa fimbo kwa vidole tu. Injini ikizima, mafuta yale yanalegea na kazi yote inarudi kwenye mkono wako. Fimbo inakuwa nzito ajabu. Tena huna nafasi ya pili, kwa sababu bila injini huwezi kupanda tena ukajaribu upya. Unazunguka juu ya uwanja huku ukishuka, unaelekeza pua kwenye mwanzo wa njia ya kutua, halafu karibu kabisa na ardhi unavuta fimbo ili pua inyanyuke na ndege iketi taratibu. Usipoivuta vya kutosha, inajipigiza chini na wewe ukiwa ndani.

Kwenye kule kuvuta ndiko nilikokwama. Mwalimu wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa kando yangu katika ndege ya viti viwili, akapunguza injini mpaka ikawa kama haipo, akafunga nguvu ya mafuta, akasema, "Ni yako." Mara ya kwanza mkono wangu wa kulia ulishindwa kuivuta fimbo, akainyakua yeye kabla hatujafika chini. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Tuliposhuka alinikagua kuanzia bega mpaka kidole.

"Kichwa chako kiko sawa," akasema. "Mkono ndio hauna kitu. Nitakupa nafasi moja, mwisho wa mwezi. Ukishindwa, unahamia stoo."

Stoo ilikuwa mahali pa kugawa buti na blanketi. Niliogopa, na sitaficha kwamba sikuogopa kambi wala wenzangu. Nilimwogopa baba. Nilimwona ameweka randa chini, anatazama juu, na mimi niko chini ya bati nikimpimia mtu viatu.

Dada yangu mkubwa alikuwa na kibanda cha chakula Kawangware, upande wa kwenda mtaa wa Satellite, akiwapikia mafundi wa mjengo. Sufuria yake ungeweza kumwogeshea mtoto. Jumamosi nilipopata ruhusa nilikwenda kwake nikamweleza yeye peke yake. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

"Ni mkono tu? Hiyo ndio shida?" akasema. "Kuja hapa. Songa ugali."

Sasa, kwetu mwanamume mzima hashiki mwiko. Atalima, atashona nguo kwa cherehani, hata atafua shati lake akikosa mke, lakini mafiga si mahali pake. Wanaume wa kwetu waliokuja Nairobi peke yao walikuwa radhi kulala na chai na mkate kuliko kuonekana wakisonga. Mimi nilitazama sufuria, nikatazama mkono wangu, nikavua koti.

Dada alibana sufuria kwa miti miwili isizunguke, akanikataza kutumia mkono wa kushoto, kwa sababu nilikuwa nimemwambia wa kushoto una kazi nyingine, kuteremsha magurudumu. Unga ulipoanza kukaza nilidhani bega litang'oka.

"Usiipapase," akasema dada. "Hiyo ugali si mtoto. Ivute kwako."

Mafundi walikuwa na siku njema sana. "Sasa, rubani," mmoja aliniita, "hiyo ndege yako inaenda na dengu ama sukuma wiki?" Nilijifanya sisikii. Kwa kweli nilianza kufurahia. Moshi, kelele, jasho, halafu watu wanakula ulichopika na kunyamaza. Kambini hakuna aliyewahi kunyamaza kwa sababu yangu.

Jumamosi iliyofuata ndipo baba alipotokea. Dada alikuwa amemwagiza benchi, na mzee alikuja nalo begani kwa miguu kutoka Gatwekera. Akalitua polepole. Akatazama mwiko, akanitazama mimi.

"Jeshi imekufukuza?"

"Hapana, baba."

"Basi ni nini hiyo?"

Nilipaswa kumweleza pale pale, lakini niliinamia sufuria. Ningesema nini, kwamba ndege zote zile alizowaonyesha watu huenda zisiwe zangu tena? Akapangusa mikono, akaondoka bila kunywa chai. Kwetu mtu hatoki kwa mwanawe bila chai. Dada alibaki na kikombe mkononi, nami nikaunguza ugali wa watu.

Kesho yake, baada ya kanisa, dada alikwenda Gatwekera bila kuniuliza na kumwambia baba kila kitu. Niliposikia nilimkasirikia vibaya.

"Ulitaka nimdanganye?" akanijibu. "Baba hakuchukia ndege. Alichukia kuona kitu haelewi."

"Alisema nini?"

"Aliuliza hiyo fimbo ni nzito namna gani. Nikamwambia sijui, mimi si rubani."

Ruhusa yangu ya mwisho kabla ya mtihani, nilikuta mwiko mpya umeegemezwa ukutani kibandani. Ulikuwa wa mvule, mnene, mrefu kupita kiuno changu, na mshikio wake ulichongwa kukaa kwenye kiganja kimoja. Mwanamke yeyote mwenye akili angeukataa. Dada alisema mzee aliuacha alfajiri akaenda zake, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: ule wa kwanza ni wa kuchezea.

Nilisimama nimeushika, na machozi yalinilenga. Siku hiyo ilikuwa siku ya kumwaga slabu, zege la ghorofa, mafundi walikuwa wengi kuliko kawaida, na nilisonga sufuria baada ya sufuria mpaka vidole vikakataa kukunjuka.

Siku ya mtihani anga lilikuwa safi. Kutoka juu niliona mabati ya Kibera yaking'aa kwa mbali. Mwalimu alipunguza injini, akafunga nguvu ya mafuta, akasema, "Ni yako." Upepo tu ndio ulisikika. Nikazunguka, nikashuka, nikateremsha magurudumu kwa mkono wa kushoto, ardhi ikaja mbio. Nikavuta. Ilikuwa nzito, lakini haikuwa nzito kushinda ile sufuria ya siku ya slabu. Pua ikanyanyuka, ikakaa, na magurudumu yakagusa chini taratibu kabisa.

Tuliposimama mwalimu akanigeukia. "Umekuwa ukifanya nini?"

"Nasonga ugali, afande."

Alinitazama aone kama namdharau. "Endelea," akasema.

Jumamosi nilikwenda Kawangware. Baba alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi lake katikati ya mafundi, kofia imelala gotini. Nikamwambia nimepita.

"Injini ilizima kweli?"

"Ilipunguzwa, baba. Ilikuwa mtihani."

"Na siku ikizima kweli?"

"Nitaivuta."

Dada alikuwa ameshachukua sahani ampakulie. Baba akamzuia kwa mkono. "Wewe kaa chini," akasema. "Wacha huyo apike."

Mafundi wote wakageuka kututazama. Nikachukua mwiko wa mvule nikasonga, naye akiniangalia mkono, kama alivyozoea kuangalia ubao kabla ya kuukata. Nilipompakulia alinawa, akamega tonge, akalifinyanga kwa muda mrefu, akala. Hakusema ugali umeiva wala haujaiva. Alikula mpaka sahani ikabaki tupu, kisha, mbele ya wanaume wote wale, akaisukuma kwangu nimwongeze.